Nathanaeli, Mpokeza Sauti wa Mlalo

Kaka yangu Nathanaeli alilima viazi na kabichi Mlalo kama watu wengine, lakini kazi iliyomjulisha kwa watu ni ile ya simu ya upepo.

Mzungu mmoja wa Kwai, mfuga ng'ombe, tuliyemwita Bwana Kiko kwa kuwa kiko hakikumtoka mdomoni, alikuwa na simu hiyo, mashine ya kuzungumza na watu wa mbali bila waya. Haikuwa ya serikali wala ya biashara. Yalikuwa mapenzi yake tu, na ruhusa alipewa. Rafiki yake mwenye shamba la mkonge huko chini Mnazi naye alikuwa na mashine, ila milima yetu ilikaa katikati, sauti hazikupita. Basi mwaka 1954 wakajenga kibanda cha mabati kwenye kigongo cha juu ya Mlalo, panapotazama pande zote mbili. Wakaweka mashine ya tatu na betri la gari, wakamweka Nathanaeli. Akisikia neno la Mnazi, alilisema tena kwa Kwai. Akisikia la Kwai, alilishusha Mnazi.

"Usiongeze, usipunguze," Bwana Kiko alimwonya. "Na hizo salamu zenu! Betri litakwisha kabla hujafika kwenye ng'ombe!"

Maana siku za mwanzo Nathanaeli aliulizia kwanza wazee, watoto, mifugo na mvua, ndipo apokee ujumbe. Naye Hamisi, karani aliyeshika mashine ya Mnazi, alimjibu yote bila haraka.

Jambo moja tu hakuweza kumwuliza Hamisi. Nathanaeli alikuwa na mtoto mmoja, Dorkasi, aliyemlea mwenyewe baada ya mkewe kufariki. Dorkasi alishuka gulioni Mnazi na viazi, akapendana na kijana wa huko, Mwislamu, akaolewa bila baba yake kuambiwa. Habari zilipotufikia, Nathanaeli alisimama mlangoni pa kanisa, watu wanatoka ibadani, akasema kwa sauti, "Mimi sina binti." Nilimshika mkono, akauchomoa. Mungu anisamehe, sikumkemea.

Hasira yenyewe iliisha kabla ya mavuno. Neno likabaki. Kwa miaka mitatu, nikimpelekea chakula kule juu, namkuta amegeukia tambarare, uso umemkauka kwa kutazama. Siku moja akaniambia, "Dada, kila siku nazungumza na Mnazi, na habari ninayoitaka haipandi."

"Si umwulize Hamisi?"

"Nimwulize habari za binti niliyesema sina?"

Kisha Hamisi akaacha kazi, akaja karani mwingine. Desturi ya mashine ilikuwa kumwita mtu kwa jina lake: "Nathanaeli, Nathanaeli, hapa Mnazi." Huyu mpya aliita, "Mlimani, Mlimani, hapa Mnazi." Leo hivyo, kesho hivyo, wiki nzima. Bwana Kiko, aliyeletewa kila neno kama lilivyo, akachoka. Siku hiyo nilikuwepo kibandani, nimeleta makande.

"Mwambie ataje jina! Ndiyo sheria."

"Bwana anasema utaje jina. Ndiyo sheria."

Mashine ikavuma kama nyuki. "Mwambie Bwana siwezi."

"Anasema hawezi, Bwana."

"Ana ugonjwa gani wa mdomo?"

"Bwana anauliza una ugonjwa gani wa mdomo."

Mimi nikacheka. Yule karani akasema polepole, "Mwambie Bwana, mtu hatamki jina la mkwewe."

Kwetu hakuna asiyeijua adabu hiyo, awe wa kanisani, awe wa msikitini. Nilimwona kaka yangu ameshika meza. Hata hivyo akalipandisha neno Kwai, kwa kuwa ndiyo kazi yake: "Anasema... mtu hatamki jina la mkwewe."

"Mkwe gani tena?" Bwana Kiko akauliza.

Nathanaeli akageuza swichi upande wa Mnazi. "Mwanangu hajambo?"

"Hajambo, mzee. Yuko hapa. Kila adhuhuri huja kukaa dirishani na mtoto mgongoni, akusikilize unavyotaja mvua na maziwa."

"Mpe nafasi."

Ikasikika sauti ya Dorkasi, nyembamba, imejaa mikwaruzo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Kisha akaacha Kiswahili, akamsemesha Kishambaa, na machozi yakamdondokea kwenye vitufe. "Njoo nyumbani."

"Kwa nani, baba? Ulisema huna binti. Kanisa zima lilisikia."

Huku nyuma Bwana Kiko anaita, "Nathanaeli! Umekufa?"

Siku nne zilizofuata alipokeza habari za ng'ombe na mkonge, asiongeze, asipunguze. Nyumbani hakula vizuri. Jumapili, baada ya baraka, akatangulia kutoka, akasimama mlangoni watu wasipite.

"Nilisema uongo mahali hapa," akasema. "Ninaye binti. Anaitwa Dorkasi, yuko Mnazi, na ana mtoto ambaye sijamwona."

Wengine waliguna. Mzee mmoja wa kanisa akamwuliza, "Na dini yake je?"

"Hilo nitaliombea njiani, mzee wangu. Ni mbali, nina muda."

Akaweka kikapu cha viazi begani, akashika njia ya kushuka. Nikasimama kumtazama mpaka migomba ikamficha.