Ziara za Kukaa Tu

Torunn Bakkemyr ni msaidizi wa daktari wa meno katika hospitali yetu, mwaka wa ishirini na sita sasa, na kazi yake kubwa ni kukaa. Mgonjwa asiyeweza kusema, anayeogopa taa na mikono ya wageni, Torunn humwita aje akae kwenye kiti cha matibabu. Basi. Wanakunywa kahawa, anarudi nyumbani. Wiki ijayo tena. Mara ya tano au ya kumi, mdomo hufunguka wenyewe.

Mimi ni nesi wa usingizi. Asiyefungua mdomo huletwa kwangu, na akishalala, meno mabovu na mazima hung'olewa pamoja ili asije akatusumbua tena. Hilo linanichoma, maana mabakuli ya meno hayo nayaosha mimi.

Mwaka jana mkuu wa idara, Steinar, alizifuta ziara hizo.

"Hapo hakuna kinachofanyika, Torunn. Mnakunywa kahawa tu."

"Na nyie kwenye mikutano yenu huwa mnakunywa nini, bosi?"

Tulicheka, lakini ziara zilifutwa.

Miezi hiyo Halvard alikuwa akijipiga ngumi za taya. Ni mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, hana usemi, anaishi kwenye nyumba ya uangalizi. Walezi waliandika kwamba ana fujo. Kitanda usicholalia hujui kunguni wake, lakini hawa hata kuuliza hawakuuliza. Daktari akaongeza dawa za kumtuliza, mara tatu, hadi akawa anasinzia juu ya sahani ya viazi. Sisi tukampangia usingizi mwezi Oktoba, ang'olewe meno yote. Alikuwa nayo ishirini na sita.

Torunn akaanza kumwita saa yake mwenyewe ya chakula cha mchana, mkate wake wa jibini ukikauka kwenye karatasi. Halvard aliletwa na dada yake Gunnvor, msimamizi wake kisheria. Mara ya saba nilikuwepo. Halvard alikamata kidole cha Torunn, akakitia mwenyewe mdomoni, akakiweka juu ya gego la chini kushoto, akakishikilia hapo.

Gego lilikuwa limepasuka hadi mzizini, na chini yake usaha. Kesho yake tuliling'oa hilo moja, na ile miadi ya Oktoba tukaifuta. Ngumi zilikoma wiki hiyo hiyo. Steinar alipokuja kumpongeza Torunn, Torunn alimpa mgongo, nami nikafurahi.

Gunnvor alitusubiri kwenye korido, koti mkononi.

"Kwa hiyo muda wote huo alikuwa anaumwa?"

Torunn hajui kudanganya. "Ndiyo, dada yangu. Miezi minane."

"Zile dawa," Gunnvor akasema, "kila walipotaka kuongeza, waliniletea karatasi. Na mimi nikatia sahihi."