Mguu wa Mpiga Dufu

Bihi alipiga dufu kwenye harusi za mji wetu wa Essaouira, pwani ya Moroko, mpaka akaota mvi, na sote tumecheza kwa mkono wake. Alipoingia karakana ya Fundi Aomar, mlango wa pili na kibanda changu cha chai, akiomba afundishwe kukereza mbao, nilijua kuna mwanamke. Mgane wa umri ule hajitafutii maumivu ya mgongo bure.

Mwanamke alikuwa Lalla Tamou, muuza viungo. Bihi alimpelekea posa, naye akamjibu mbele ya wateja: "Bizari yangu inamwagika kila nikiibeba. Niletee kopo la mti wa arari, kifuniko cha kuzungusha, ulichonge mwenyewe. Likifunga, lete dada zako tuongee. Lisipofunga, kalale na dufu lako."

Kukereza kopo alijifunza upesi. Shida ilikuwa hesi, ile mifereji ya kuzunguka inayoshika kifuniko. Fundi hukanyaga kerezo kwa mguu kama cherehani, huku mkono ukisogeza chuma chenye meno kama kitana juu ya mti unaozunguka. Mguu na mkono vikienda sawa, mfereji hutoka mmoja. Mguu wa Bihi ulianza vizuri, kisha ukazidi kasi, kama ngoma zetu zote zinavyochanganya mwishoni. Mkono ukaachwa nyuma, mifereji ikapandana.

"Bwana harusi, nani anacheza humu ndani?" Fundi Aomar akauliza.

"Mguu wenyewe, fundi."

"Uambie harusi bado. Na kwa mwendo huu, haipo!"

Makopo mabovu yalichemsha birika langu majira yote ya baridi, nami sikulalamika. Lakini asubuhi moja nilimkuta ameketi kwenye maranda, kopo lililopasuka mkononi, hata matusi yamemwishia. Moyo uliniuma. Nikamtuma tangawizi kwa Lalla Tamou, angalau akamwone.

Alikawia. Alimkuta akiviringisha kuskusi kwenye sinia, kiganja kikizunguka taratibu, mwanzo hadi mwisho sawasawa, maana ukiharakisha unga unafanya mabonge. Alimtazama mpaka akafukuzwa. Tangawizi yangu aliisahau.

Kesho yake alikanyaga kwa mwendo wa kile kiganja, akiuma midomo ngoma isimtoke. Mfereji ukatoka mmoja, safi. Na wa kifuniko vilevile.

Tukaenda wote watatu. Lalla Tamou akajaza bizari, akakaza kifuniko, akapindua kopo. Haikudondoka hata punje. Kisha akajaribu kukifungua. Akazungusha, akakunja uso, akazungusha tena. Hakikutoka.

"Hebu fungua wewe," akamwambia Bihi.

Bihi akafungua.

"Ehe. Na mimi naanza kuuza alfajiri. Nani atakuwa ananifungulia?"

Bihi akaanza kukagua hesi ya kifuniko, akidhani ina kasoro. Ilibidi Fundi Aomar amsukume: "Wewe mzee, kawaite dada zako!"

Akatoka mbio, na safari hii hakuna aliyemwambia apunguze mwendo.