Meza ya Kukatia ya Mama Mkubwa

Ilianza Jumatatu, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, nilipofungua mdomo kwa mara ya kwanza katika atelie ya kushona ya mama mkubwa, nikaambiwa niufunge.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Ana cherehani nne karibu na soko la Kamembe, na meza moja ndefu ya kukatia ambayo hakuna muntu anayeruhusiwa hata kuiegemea. Nilikuwa kwake tangu nimalize mtihani wa mwaka wa tatu wa sekondari. Nyumbani walishaamua: mama mkubwa akisema nafaa kukata, nitasoma shule ya karibu na kushinda kwake kila mchana baada ya masomo. Asiposema, naenda bweni kusomea uhasibu. Uhasibu siutaki. Niliitaka ile meza. Huku kwenye daftari hakuna wa kunikatiza, basi naandika wazi: yule mama simpendi, ila kazi ya mikono yake niliitamani.

Kila Jumatatu, kabla hatujagusa sindano, anatusimamisha mimi na dada mshonaji aliye kwake miaka mingi. Anatuhutubia. Siku ile ilikuwa habari ya uongozi.

"Kuongoza ni kuona mbele," alisema, huku akijichokonoa meno na pini. "Ninyi munaona uzi. Mimi naona mwezi ujao. Ule wa ng'ambo haoni hata wateja, anaona suruali zake za magunia tu."

Wa ng'ambo ni fundi mzee wa suruali, mlango wake unatazamana na wetu. Huwa wanasalimiana kwa adabu sana, kila mmoja akingoja siku mwenzake ataanguka.

Baada ya hotuba akatoa kitenge cha harusi. Maman mmoja mfanyabiashara, anayevuka mpaka kila siku kwenda Bukavu, alikuwa anaozesha binti, na alitaka mabubu sita, yale magauni mapana, ya sare kwa wanawake wa upande wake. Saizi moja kwa wote. Mama mkubwa ana namna yake kwa kazi kama hiyo: anakunja nguo kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, anaweka patroni yake ya karatasi juu, anapitisha mkasi mkubwa mara moja. Vitenge vingi vina maua na duara, ukivigeuza havisemi kitu. Hiki kilikuwa na misambi, wale ndege wenye taji, wote wamesimama wakiangalia upande mmoja.

Nilikuwa nimeshika ncha ya nguo. Nikaona mkunjo wa pili unawarudisha ndege miguu juu. Mimi hata darasani najibu nikiwa nimeangalia kiatu.

"Mama mkubwa," nikasema, "hawa ndege..."

"Ndege wataruka saa yao. Shika nguo vizuri."

"Lakini wa chini wame..."

"We mutoto, nani anakata hapa? Funga kinywa, shika nguo!"

Nikafunga, nikashika. Mkasi ukapita. Dada mshonaji alisikia yote. Aliangalia kanyagio la cherehani yake kama vile limemwita.

Mabubu yakaunganishwa mbiombio. Baada ya sala ya alasiri maman wa harusi akaja kupima. Lile la kwanza lilimpendeza, akazunguka, akacheza hata mabega. Akachukua la pili. Akalinyoosha mbele yake.

"Hii njo nini?"

Akaligeuza nyuma, akaligeuza tena mbele.

"Nauliza, hii njo nini? Hawa ndege bamekufa? Bananing'inia kama kuku wanaopelekwa soko!" Akalifunua jingine, na jingine. Matatu yamesimama, matatu kichwa chini. "Bakwe wangu banatoka Bukavu, banakuja kuangalia tumevaa nini. Batasema tumewatukana! Na hiki kitenge kimekwisha, nilichukua kipande cha mwisho!"

Mama mkubwa hakupepesa jicho. Aliweka mkono begani kwangu, mkono mwepesi kabisa, kama wa muntu anayekupongeza.

"Maman, nisamehe. Ni huyu mutoto alikunja. Nilitoka kidogo tu kwenda kuswali."

Saa tatu asubuhi ni sala gani ile? Nilitaka kusema hivyo. Nilitaka kusema mengi. Nilimwangalia dada mshonaji. Alikuwa ametia uzi mdomoni na hautoi. Maman wa harusi akanipandisha na kunishusha kwa macho.

"Batoto ba masomo! Munajua Kifaransa, hamujui kichwa na miguu?"

"Watakaovaa haya matatu watajitanda mushanana juu," mama mkubwa akasema haraka. "Kitambaa cheupe begani, kinashuka mpaka magotini. Watapendeza kupita wengine. Nitakitoa mimi."

"Huyu asiguse tena nguo yangu."

"Hatagusa nguo ya muntu yeyote. Atafagia mpaka likizo iishe. Hana mkono wa kukata, nitamwambia mama yake."

Basi meza yangu ikaenda hivyo, kwa sentensi moja, mbele ya mteja.

Jioni mama alikuwa ameshapigiwa simu. Nikamweleza ukweli, akanisikiliza mpaka mwisho akimenya ndizi.

"Najua," akasema. "Dada yangu namjua. Lakini ungetaka aseme nini? Mkubwa wa kazi akijiaibisha mbele ya wateja, kesho wote hawana kazi, hata yule mshonaji. Kubali tu. Uhasibu si mbaya."

Niliwaza sana habari ile ya kuona mbele. Muntu anaona mwezi ujao, na ndege walio chini ya pua yake hawaoni. Na akishakosea anatafuta haraka uso wa kupangusia mikono. Kama kuongoza ni hivyo, abaki nako. Lakini kukata ni kitu kingine. Kukata hakukuwa mali yake peke yake, ila nilikuwa nimezoea kuangalia meza moja tu.

Kesho yake asubuhi nilioga, nikavaa sketi ya shule kwa kuwa ndiyo niliyoishona mwenyewe upindo, nikashuka mpaka sokoni. Mlango wa mama mkubwa ulikuwa bado umefungwa. Nikavuka barabara.

"Shikamoo, Mzee. Nataka kujifunza kukata."

Fundi aliniangalia juu ya miwani. "Umetumwa kunipeleleza?"

"Hapana."

"Mama yako mkubwa anajua uko hapa?"

"Atajua akifungua mlango."

Akacheka kidogo, kicheko kibaya cha muntu aliyengoja siku nyingi. "Ukipewa nguo, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Naitandaza yote. Naangalia kama mchoro una juu na chini. Kisha ndiyo nakunja." Sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikaionea haya.

"Sina nafasi ya mutoto wa kulia-lia."

"Silii."

Akanirushia suruali kuukuu na wembe. Nifumue mishono yote, akasema, nione ilivyokatwa. Nikaketi mlangoni. Mama mkubwa akafika, akafungua kufuli, akageuka. Nikamsalimia kwa adabu yote ya nyumbani. Akaingia ndani, kufuli bado mkononi. Nikainama, nikaanza na mshono wa mguu wa kushoto.