Humaid na Masafa ya Kiangazi

Humaid bin Marhoun ni shemeji yangu. Amemwoa dada yangu Rawya. Alizaliwa Tabora, akaletwa hapa Sur, Omani, akiwa na miaka kumi, na alijifunza kufunga antena za televisheni kwa kuiharibu ya baba yake. Ukisimama mtaa wa Aija, ng'ambo ya daraja, ukayatazama mapaa, zile antena zinazofanana na mifupa ya samaki, nyingi amezisimamisha yeye. Madishi pia yapo, lakini sisi tumezungukwa na maji ya chumvi, na dishi la rahisi halistahimili kutu. Wazee wengi walibaki na antena zao.

Kazi yenyewe ilikuwa na utaratibu mmoja. Humaid yuko juu ya paa ameshika bomba la antena, na mtu mwingine yuko chini mbele ya televisheni. Humaid anageuza, wa chini anapiga kelele: "Bado! Bado! Inakuja! Ipo, rudisha kidogo!" Wa chini mara nyingi nilikuwa mimi, na sikuwa hodari, kwa sababu sauti yangu ni ndogo. Jirani yetu Bi Khole alikuwa akiniambia, "Suud, unamwambia Humaid au unaipa televisheni siri?" Mwisho huichukua kazi yeye. Sauti ya Bi Khole ilifika mpaka darajani.

Habari za kuhamia dijiti zilipokuja, wanunuzi wa vyuma chakavu nao wakaja na gari lao kutafuta aluminiamu. Humaid akapita nyumba hadi nyumba. "Msiziuze," aliwaambia. "Antena ni hizihizi. Mtanunua king'amuzi tu. Mkikosa picha, njooni mnitukane mimi, na mje na watoto wenu wasaidie." Nyumba arubaini na tatu zilimwamini. Naijua idadi yake kwa sababu katika kila nyumba mimi ndiye niliyemshikia ngazi akikagua antena.

Mwezi wa saba mwaka ule akaja Wijdan, binti wa Shukriya wa mji wa Ibra, rafiki wa Rawya tangu utotoni. Wijdan ni mhandisi. Kazi yake ni kupanga masafa, yaani kuamua kila mnara urushe matangazo yake kwenye chaneli ipi. Alitukuta tunakunywa kahawa barazani akatueleza, naye alitufahamisha vizuri.

"Ami Humaid, ni kama mfereji wa falaji. Kila shamba lina zamu yake ya maji, sawa? Nchi za Ulaya, na Afrika, na sisi Waarabu, walikaa Geneva mwaka elfu mbili na sita, wakagawana chaneli hivyohivyo. Ulaya ndiko kwenye msongamano, nchi zimebanana. Lakini na sisi tuna majirani."

"Maji ya falaji nayaona," Humaid alisema. "Haya yenu mnayaonaje?"

"Kwa kipimo."

Mnara mdogo ulikuwa unajengwa kwenye kilima nyuma yetu, nao ulipangiwa chaneli ya thelathini na nne. Humaid aliposikia hivyo akakiweka chini kikombe.

"Mlipima lini?"

"Januari. Kimya kabisa, ami."

"Januari hata mimi nakwambia kimya. Pima sasa hivi, kuna joto na unyevu. Miaka yote, Julai ikifika, kwenye chaneli hiyo inaingia picha ya watu wengine kutoka ng'ambo, juu ya picha yetu. Zamani tulikuwa tunavumilia, unaona sura mbili kwa pamoja. Hiyo dijiti yenu inavumilia?"

Wijdan alifungua mkoba kutafuta kipimo chake. "Haivumilii. Itakata kabisa. Skrini nyeusi."

Alijua sababu pia: hewa ya moto ikilala juu ya bahari, mawimbi huchukuliwa mbali kupita kawaida. Siku ileile akapima, na kipimo chake kidogo cha mkononi kikapanda na kushuka. Akampigia mkubwa wake Maskati. Tulimsikia yule bwana kwenye simu.

"Hizo kelele za umeme tu, Wijdan. Mota za viwanda vya barafu. Kelele haina jina. Niletee jina la stesheni, nitabadilisha. Bila hivyo, Alhamisi ramani ya masafa inatiwa sahihi kama ilivyo."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Humaid alisimama akachukua ngazi. Aliwaza zile nyumba arubaini na tatu. Alinitazama, nikajua. Kama ramani ingetiwa sahihi vile, kila kiangazi watu wale wangekaa mbele ya skrini nyeusi, nao aliwazuia yeye wasiuze.

Tukaenda kwa Bi Khole, kwa kuwa paa lake ndilo la juu kupita yote. Asubuhi ya Jumatatu, jua halijakolea, Humaid akaielekeza antena baharini na kuanza kugeuza kama alivyozoea. Wijdan alikuwa pembeni yake juu, mimi na Bi Khole chini na king'amuzi.

"Bado!" alipiga kelele Bi Khole. "Bado! Bado!"

Saa nzima ilikuwa bado. Jumanne pia bado, mpaka mara moja tu akaruka, "Ipo!" na kabla hatujapumua, "Imekwenda! Humaid, umeifanya nini?" Humaid akarudisha, akasogeza, akarudisha. Hakuna. Wijdan akashuka uso umemvimba kwa joto.

"Khalas, basi, ami. Labda kweli ni mota."

"Mota haina picha," alisema Bi Khole. "Mimi niliona mkono. Mota ina mkono?"

Humaid alibaki juu peke yake, amekaa kando ya tangi la maji. Nilimpelekea chai. Akaniuliza, "Suud, aliposema ipo, mimi nilikuwa nageuza bado au nimesimama?"

"Ulikuwa unageuza."

Akaligusa bomba. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa kwenye mlango wa nyumbani kwake. Televisheni ya zamani ilikuwa inakupa picha palepale, hata chembechembe, ukaifuata. King'amuzi kinakusanya kwanza, ndipo kinaonyesha. Mpaka Bi Khole aseme ipo, mkono wa Humaid umekwisha pita mahali penyewe. Miaka thelathini na tano ya ufundi wake ndiyo iliyokuwa inampitisha.

Jumatano alfajiri aliomba wanja wa Rawya. Akachora mistari kuzunguka bomba, upana wa kidole kimoja kati ya mstari na mstari. "Leo hakuna kugeuza ovyo," alisema. "Nageuza kidole kimoja, nasoma sura ya Kulhuwallah pole pole mpaka mwisho, ndipo namwuliza Bi Khole. Wijdan, andika."

Kidole cha kwanza, akasoma. "Bi Khole?" "Bado." Cha pili. "Bado." Umande ulikuwa unatiririka kwenye bomba na shati lake limemganda mgongoni. Kwenye kidole cha tisa simu ya Wijdan ikalia. Ni mkubwa wake. "Mwache alie," alisema Humaid, akasoma tena. Cha kumi na moja, bado. Cha kumi na mbili, bado. Bi Khole akaanza kulalamika kwamba chai imepoa. Cha kumi na nne Humaid alimaliza kusoma, na kabla hajauliza:

"Ipo! Ipo, wallahi! Mwanamke anakaanga bilingani!"

"Asiguse mtu!" Humaid alilikumbatia bomba. Wijdan aliteremka ngazi karibu aanguke, akabonyeza king'amuzi, na hapo skrini ikaandika kila kitu: jina la stesheni, nchi ya ng'ambo, chaneli ya thelathini na nne. Akapiga picha tatu. Juu ya paa Humaid hakuachia mkono mpaka nilipokwenda kumwambia mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakunisikia.

Mkubwa alipotumiwa picha alisema Alhamisi hakitatiwa sahihi kitu. Wapime siku kumi na nne nyingine. Humaid akapima zote kumi na nne, kidole kwa kidole, na baadhi ya siku picha ilikuja, baadhi haikuja, naye aliandikisha zote mbili sawasawa. Mnara ukapewa chaneli nyingine.

Mwaka uliofuata, Julai, katika joto lilelile, alipita nyumba zote arubaini na tatu asubuhi kuhakikisha. Mwisho tukafika kwa Bi Khole. Taarifa ya habari ilikuwa safi, haikati.

"Umeridhika, Bi Khole?"

"Picha nzuri," alisema, macho kwenye skrini. "Lakini yule wa bilingani sikujua aliishia wapi."

"Bilingani zake ziliungua," alisema Humaid, na akakaa kunywa chai yake ikiwa bado moto.