Besi Bila Spika

Mjomba wangu analima korosho Nambambo, na kwenye harusi ndiye mpiga besi. Ukifika wakati wa kupulizia mikorosho salfa huwa analeta gitaa lake la besi kwetu Nachingwea mjini, maana anasema ule unga unakula nyuzi. Safari hii aliliegemeza chumbani kwangu. "Nitunzie, mpwa wangu." Sikumwambia kwamba nilikuwa nalitaka kuliko hata yeye.

Mjomba anapiga kwa dole gumba, taratibu, ili watu wacheze. Mimi nataka hevi metali, ile ambayo besi inapigwa kwa piki, kile kiplastiki cha kukwanyulia nyuzi, chini-juu chini-juu, mbio, mpaka nyuzi zinanguruma. Shuleni hakuna anayejua. Darasani nikiulizwa swali sauti inakatika kabla jibu halijatoka. Ila Ruangwa kuna mafundi wawili wa kuchomelea wanaopiga muziki huo nyuma ya karakana yao, mmoja gitaa, mwingine drams, na mpiga besi wao alikuwa amehamia Lindi. Niliwaandikia kwenye simu, nikafuta, nikaandika tena. Wakajibu: "Njoo Jumamosi dogo, tukusikie." Nilitaka wanichukue. Sijawahi kutaka kitu namna hiyo, hata kufaulu mtihani.

Tatizo, spika ya mjomba ilibaki kwa wenzake wa bendi. Na besi ya umeme bila spika ni mkwaruzo tu. Bibi alipita mlangoni akasimama.

"Weye, wajikuna nini humo? Upele?"

"Najifunza, bibi."

"Kujikuna?"

Mama huko uani alicheka mpaka akamwaga mchele aliokuwa anachambua.

Ili nijisikie, nilikuwa nabandika kidevu kwenye ubao wa gitaa. Mwalimu wa kwenye video alisema piki iguse uzi kwa ncha tu, mkono ucheze kwenye kifundo kama unakung'uta maji. Nikifanya hivyo sisikii kitu. Basi nikawa naizamisha piki, napiga kwa mkono wote, kuanzia begani. Mkono ulikuwa unakakamaa, na mimi nikadhani ndiyo nguvu inaingia.

Jumamosi, kule Ruangwa, wakanichomekea waya kwenye spika yao kubwa. Nilipopiga mara ya kwanza ilikuwa kama mtu kadondosha bati juu ya sakafu. Mpiga drams, jamaa mnene mwenye kovu la cheche kidevuni, akaruka kwenye kiti.

"Oya dogo! Unapiga besi au unapasua kuni?"

"Samahani kaka."

"Usiombe samahani, legeza mkono."

Tulianza wimbo. Kabla hata hatujafika katikati mkono wangu ukawa mgumu kama mpini, piki ikakwama kwenye uzi, nikaachwa nyuma. Tukaanza upya, ikawa vilevile. Kichwani najua kabisa kinachotakiwa, naweza hata kukuandikia, lakini mkono hausikii. Ulishafundishwa, na aliyeufundisha ni mimi.

Mpiga gitaa alikuwa anakaza nyuzi zake ambazo hazikuwa zimelegea. Yule mnene akaja nyuma yangu, akakishika kiwiko changu, akakibana kwenye ubao wa gitaa. "Haya, piga." Kiwiko hakikuwa na pa kwenda, kwa hiyo kifundo kikacheza. Ikatoka. Nyepesi, mbio, chini-juu, sawasawa kabisa, na spika ikanguruma vile ninavyosikia kwenye simu. Nikacheka kwa sauti, mimi ambaye sichekagi mbele za watu.

"Umeona? Si hiyo hapo!" akasema yule mnene.

"Sasa drams atapiga nani?" akauliza mwenzake.

Ilibidi aniachie. Akarudi kwenye kiti, akagonga fimbo kuhesabu, tukaingia. Nilikiangalia kiwiko changu muda wote. Nilikiambia kitulie. Nikakiona kinanyanyuka chenyewe, kinaniacha.

Mpiga gitaa hakukatisha wimbo. Aligeukia ukutani akapiga mpaka mwisho, halafu akauchomoa waya wangu taratibu.

"Asante kwa kuja, mdogo wangu. Sisi tutaendelea kuangaliaangalia mtu."

"Asante na nyie," nikasema. Halafu, kwa kuwa nilishindwa kuondoka na nilishindwa kubaki, nikamuuliza stendi ni njia ipi, wakati asubuhi ileile nilikuwa nimeshukia hapo. Akanielekeza vizuri, mpaka na kona.