Nilimpa na Ufunguo wa Saa ya Mujomba

Mkitaka kunitukana, mutanitukana mkimaliza kusoma. Kosa ni langu, hata kama aliyeiba ni mwingine. Ama niseme hakuiba? Hapo njo ninashindwa kila siku.

Mujomba wangu alifanya kazi kwa muzungu kule Elisabethville miaka mingi. Alirudi huku Kabuta, upande wetu wa ziwa, na saa ya ukutani, ya zamani sana. Ndani yake kulikuwa picha ya rangi: maji, mashua, daraja. Ikifika saa kamili, muziki unalia, mashua ya picha inapanda na kushuka, na mwanamke wa darajani anainua mkono. Yaani watu walikuwa wanaacha nyavu kando ya ziwa, wanakuja kuangalia!

Mujomba alipougua aliniita.

"Mutoto, mila yetu inamwacha mjane mikono mitupu. Lakini hii saa ni ya mama yako huyu, bibi yangu wa ndoa. Uichunge."

Nikaitika.

Kwenye matanga yake akaja rafiki yangu. Simtaji, hayuko hapa kujitetea. Sisi ni ukoo wa Samaki, wao ni ukoo wa Mamba; ni watani wetu. Watani ndio wanaochimba kaburi na kuchekesha wafiwa. Wanabeba kitu cha marehemu kwa mchezo, na pombe ya matanga ikiisha wanakirudisha. Ukikasirika, aibu ni yako.

Niseme na haki yake: alichimba kaburi wakati ndugu zangu wamekaa kivulini.

Basi akatoka nyumbani amekumbatia saa. "Ninyi samaki, tangu lini samaki anauliza saa ngapi? Mamba amekula!"

"Meza tu, ikulilie tumboni!" shangazi mmoja akamjibu.

Watu wakashika mbavu. Na mimi nikacheka. Nikaizungushia blanketi, nikamsaidia kuifunga kwenye baiskeli kwa kamba ya wavu!

Ndipo akanisogelea, pole pole, bila kucheka. "Ndugu, na ufunguo wa kuikazia ili itembee?"

Nikampa. Ee Mungu wangu, nikampa! Nilishuku, ndiyo, lakini niliogopa kuitwa mchoyo mbele ya wafiwa.

Pombe ya matanga ikaisha. Hakuja. Wavuvi wakaniambia amevuka nayo, nikamfuata mpaka Kilwa ya huku ziwani, ng'ambo ya Wabelgiji, na muziki ule niliusikia kabla ya kuona kitu. Saa iko ukutani kwa mununuzi mmoja wa samaki, ameshailipia. Rafiki yangu anapanga samaki mlangoni, amevaa viatu vipya.

"Ulicheka mwenyewe," akaniambia. "Uliifunga mwenyewe. Sasa mimi niliiba wapi?"

Nikarudi mashuani mikono mitupu. Mutu niliyekula naye sahani moja!

Mama, yule mjane wa mujomba, alinikuta mlangoni, akaangalia mikono yangu. Nikaeleza yote, nikamtupia rafiki lawama yote. Akasema tu:

"Yule ni mutani, mwanangu. Wewe njo uliachiwa."

Akakunja mkeka wake, akarudi kwa ndugu zake kule Kenani. Siku hizi nikimsalimia sokoni Kashikishi anaitika vizuri, kama mutu anavyoitikia mgeni.

Labda ninamhukumu vibaya rafiki yangu. Labda alianza kwa mchezo kweli. Sijui. Lakini ninyi wenye watani, chekeni nao, wabebe hata kitanda. Ila siku mutani mmoja akiomba ufunguo, kamata mkono wake palepale, na waache watu wakuite mchoyo! Mutu wa mchezo hana kazi na ufunguo.