Mume Wangu Alifeli Mtihani wa Kulala

Mume wangu alifeli mtihani ambao hakuufanya yeye. Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kulala tu.

Najua umecheka. Hata mimi nilicheka, na leo sijui kile kicheko nilikitoa wapi.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Wenzake walimwita Tela, kwa sababu ya mwili. Akikaa kwenye kochi letu, mwingine atafute kiti cha plastiki. Na kukoroma ndiyo usiseme! Jirani aliwahi kugonga mlango kuuliza kama tumenunua jenereta.

Mdogo wangu wa kiume naye ni dereva, mwembamba kweli kweli, wanamwita Njiti. Tela ndiye aliyemfundisha gari na kumwombea kazi kwenye kampuni yao. Njiti alikuwa bado yuko kwenye miezi ya majaribio.

Siku moja kampuni ikatoa tangazo. Dereva mwenye uzito mkubwa au shingo nene akapimwe usingizi. Walieleza kwamba kuna watu wakilala pumzi inakata, inarudi, inakata tena. Usiku hawapumziki, kwa hiyo mchana wanasinzia kwenye usukani.

Tela alipimwa shingo kwa futi ya fundi cherehani mbele ya wenzake, huku wakimtania. Njiti alipopanda mzani watu walipiga makofi, akaambiwa yeye aende zake.

Mume wangu akarudi nyumbani na kimashine: mkanda wa kifuani, kimrija cha puani na kidude cha kubana kidole. Unalala navyo, asubuhi unarudisha.

"Mama watoto, hapa nimekwisha," alisema. "Kwa mkoromo huu wananifungia kesho."

Njiti alikuwepo sebuleni, anamalizia chakula chetu kama kawaida yake.

"Shem, lete hiyo mashine nilale nayo mimi. Kulala nako kazi?"

Tukacheka wote watatu. Mkanda nilimfunga mimi mwenyewe. Ulimpwaya, nikaubana hadi tundu la mwisho.

Majibu yakatoka: pumzi inakatika vibaya sana. Tela akafungiwa kuendesha mpaka atibiwe.

Jamani! Njiti alicheka mpaka akakaa chini.

"Mashine yao imechakaa! Mimi na mwili huu?"

Nami nikamuunga mkono. Ugonjwa wa wanene utampataje mtu anayeweza kupita kwenye nondo za dirisha? Tela peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Si ukarudie," nikamwambia. "Ulale mwenyewe. Ukifeli, umefeli kwa haki."

"Nitarudia," akajibu, lakini siku zikapita.

Badala yake akaanza kusafiri. Njiti akipewa mzigo, mume wangu anaoga, anabeba begi, anatoka. Kampuni hairuhusu abiria, kwa hiyo alikuwa anamsubiri kituo cha mafuta, mbali na geti, anapandia huko.

"Unaenda kufanya nini?" nikamuuliza. "Mshahara huna, gari si lako."

"Naenda kunyoosha miguu."

"Miguu inanyooshwa ndani ya lori?"

Anacheka, anaondoka zake.

Mwanamke mwenzangu, ungewaza nini? Na mimi niliwaza hichohicho. Siku moja alipokuwa bafuni nikalipekua begi. Nikakuta pilipili mbichi, taulo dogo na chupa za maji yaliyogandishwa. Nikakaa kitandani najiuliza, mchepuko gani huyu anayepelekewa pilipili?

Simu ilikuja alasiri, nikiwa naanika nguo. Lori la Njiti lilikuwa limegonga lori jingine lililoharibikia kando ya barabara. Njiti alikuwa hospitali, amevunjika bega. Upande wa abiria ulibomoka wote, lakini wote wawili walirushwa nje, kwa hiyo hakuna aliyeona nani alikaa wapi. Mume wangu alifia palepale.

Nikadhani uchungu umefika mwisho. Kumbe bado. Trafiki alipouliza nani alikuwa anaendesha, Njiti alijibu, "Shemeji."

Basi tena. Dereva aliyefungiwa, mgonjwa wa usingizi, kashika usukani kwa wizi! Kampuni ikasema haimtambui. Msibani niliwasikia wanawake wakinong'ona jikoni, "Kula kumemponza. Nusura amuue na mtoto wa watu."

Na mimi niliamini. Nilimlilia mume wangu huku nimemkasirikia, na sijui kama kuna kilio kichungu kuliko hicho.

Baada ya mazishi nikaenda kumwona mdogo wangu wodini. Nilimkuta amelala chali, anakoroma taratibu. Mara akanyamaza.

Nikangoja. Kifua hakipandi. Nikasimama, nikaona midomo inabadilika rangi, nikapiga kelele. Muuguzi akaja mbio akamtikisa, Njiti akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini, akafumbua macho.

"Pole, mama, ndivyo anavyofanya kila akilala," muuguzi akaniambia. "Hajawahi kupimwa usingizi huyu?"

Alikuwa amepimwa. Mkanda nilimfunga mimi.

Muuguzi alipoondoka nikavuta kiti karibu.

"Nani alikuwa anaendesha?"

Akageukia ukutani.

"Njiti, nakuuliza."

"Mimi, dada."

Alilia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akajifunika shuka kichwani. Kisha yakatoka yote. Tela alimwangalia akilala kwenye kochi letu, akaelewa majibu yale yalikuwa ya nani. Akamsihi akapime. Njiti akamwangukia miguuni: akigundulika mgonjwa wakati wa majaribio, anafukuzwa. Akishathibitishwa kazini, kampuni itamtibu. Akaomba na mimi nisiambiwe.

"Akakubali, ila akasema sitaendesha peke yangu hata safari moja. Nikianza kusinzia ananipa pilipili nitafune, ananifuta uso kwa maji ya baridi. Siku ile aliniambia niegeshe nilale. Nikamjibu tufike kwanza kituo cha mbele."

"Na yeye kwa nini hakurudia kupimwa?"

"Alishapimwa kwingine, dada, kimyakimya. Ni mzima, anakoroma tu. Ila angepeleka majibu hayo kazini, wangeuliza ile mara ya kwanza alilala nani."

Nilitamani kumpiga, na nilitamani kumshika mkono.

"Utawaambia polisi mwenyewe, au niwaambie mimi?"

"Watanifunga."

"Najua."

"Dada, mimi ni wa tumbo moja na wewe!"

"Najua, Njiti. Na yeye alikuwa nani kwako?"

Akaandikisha maelezo mapya. Kesi bado inaendelea. Mama yetu hasemi na mimi, anadai nimemuuza mwanawe kwa ajili ya maiti. Njiti siku hizi analala na mashine ya kumpulizia hewa, anaamka mchangamfu kama mtoto. Nikimwona hivyo nafurahi, halafu nachukia, yote kwa wakati mmoja.

Juzi kampuni ilimtuma mtu kunipa pole. Ukweli anaujua, maelezo ameyasoma. Lakini akiwa anavaa viatu mlangoni akasema marehemu alikuwa mtu mwema, ila angejitahidi kupunguza mwili.

Madereva, kapimweni, wanene kwa wembamba. Na ninyi mnaolala nao, akiacha kukoroma ghafla msishukuru Mungu kwa utulivu, mtikiseni. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyofundishwa. Hakuna aliyetuonya kwamba kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mwingine.

Na wewe mtu wa kampuni, kama unasoma hapa: mume wangu alikuwa na kilo mia moja thelathini na mbili. Hakuna hata moja iliyomuua.